Kipengele cha Sita

Mkalimani alijua kuwa mdogo wake amekamatwa kabla hata serikali haijajua. Alikuwa bado na mswaki mdomoni simu ilipoita, na mama yake hakungoja salamu.

"Kambi ya Kijiko imevamiwa. Wamebebwa wote, naye pia."

Kijiko ndilo jina walilomwita nyumbani tangu utotoni, kwa kuwa mtoto yule alikuwa habanduki jikoni. Alipokua akaifanya ndiyo kazi yake. Alikuwa mpishi wa kambi ya kuchimba mafuta kule bondeni, kwenye kitalu ambacho serikali mbili jirani zilikuwa zimekigombania miaka tisa. Kila serikali ilikuwa na ramani yake, na kila moja ilikuwa imetoa kibali kwa kampuni yake. Serikali ya kina mkalimani ilitangulia kuleta mitambo. Jirani akatangulia kuleta askari. Watu saba wakapakiwa kwenye lori wakavushwa upande wa pili. Sita walikuwa mafundi. Wa saba alikamatwa akimenya vitunguu.

Wiki sita baadaye serikali zikakubali kukaa mezani, na mkalimani akapangiwa kazi. Nani mwingine? Pale wizarani hakuna aliyeijua lugha ya jirani kama yeye. Aliisomea miaka minne, akala mkate wake miaka kumi na minane. Alikwenda kwa mkurugenzi wake akamweleza ukweli wote, hakuficha kitu.

Mkurugenzi aliinuka akafunga mlango.

"Jina la ukoo mnatumia moja?"

"Hapana. Mama mmoja, baba mbalimbali."

"Basi hakuna atakayejua. Nisikilize, dada yangu. Wale wakigundua kuwa mmoja wa wale saba waliowashika ni damu ya mkalimani wetu, watajua pa kutubana. Utaweza kukaa pale uso ukiwa mkavu?"

"Nitaweza."

"Nitamweka mwingine ukitaka."

"Nani?"

Mkurugenzi akaufungua mlango tena.

Mazungumzo yalifanyika kwenye ukumbi wa hoteli, ghorofa ya pili, meza zikiwa zimepangwa zikitazamana, na vibendera viwili vidogo ambavyo mtu wa itifaki alivipima kwa rula visizidiane urefu. Chupa za maji zilikuwa uchi, hazina karatasi. Siku ya kwanza wageni walilalamika kuwa kwenye karatasi zile kuna picha ya bonde, na mhudumu mmoja akatumwa kuzibandua zote kwa kucha, akinung'unika kuwa hajawahi kuona maji yakisababisha kesi.

Ajenda ilikuwa na vipengele saba. Kitalu, ramani, vibali, doria, fidia. Cha sita kiliandikwa "Hali ya wafanyakazi", na cha saba ni "Mengineyo". Jumatatu yote ilikwisha kwenye neno moja. Wageni hawakutaka kusikia "mpaka", walitaka "mstari wa muda". Jumanne wakaingia kwenye ramani, wakakwama huko kama gari kwenye tope.

Jioni mama yake alimsubiri mlangoni, khanga begani.

"Leo wamemtaja?"

"Bado, mama. Wako kipengele cha pili."

"Kati ya vingapi?"

"Saba."

"Na mwanangu yuko cha ngapi?"

Mkalimani alivua viatu kwanza, kimoja kimoja. "Cha sita."

Mama akakaa, akashika tama. "Ile dawa yake ya kuvuta ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Niliinunua mwenyewe. Huko waliko kuna vumbi, au hakuna vumbi?"

"Sijui, mama."

"Wewe unakaa na wakubwa kutwa nzima, unaongea kuliko wote, halafu hujui?"

Angemweleza vipi? Ni kweli aliongea kuliko wote, ila hakuwa na neno lake hata moja. Waziri akisema "mimi nakataa", naye husema "mimi nakataa". Balozi wa upande wa pili akisema "mimi nasikitika", yeye husikitika. Kutwa nzima alisema mimi, mimi, mimi, na hata mara moja mimi huyo hakuwa yeye.

Siku hiyohiyo ya Jumanne, wakati wa chai, alikuwa amemfuata mkurugenzi dirishani. Aliongea chini chini, kikombe kikigongana na sahani yake.

"Bosi, hicho cha sita kipandishwe basi. Mdogo wangu ana pumu."

"Subiri mpaka Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Nimekwambia subiri. Usiniulize." Akatazama huku na huku, akaondoka na kipande chake cha keki.

Alhamisi. Ameshazisikia Alhamisi nyingi wizarani. Faili husubiri Alhamisi mpaka vumbi linaota ukungu.

Jumatano saa tano asubuhi, ukumbini mambo yakiwa yamegoma kabisa, waziri na balozi waliamua kutoka barazani waongee wawili tu. Wawili tu maana yake watatu, kwa kuwa mkalimani hahesabiwi. Balozi alikuwa mzee mstaafu aliyeitwa tena kazini, mpole, sikio lake moja zito, hivyo akiongea alimwinamia mkalimani kama anayenong'onezwa siri. Walizungumza habari za mvua. Wakagusa ramani, wakaiacha. Kisha balozi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia afya ya jirani:

"Na kile kipengele cha sita. Kuna lolote la haraka upande wenu?"

Mkalimani akatafsiri. Waziri alikuwa akitazama maegesho ya magari.

"Mwambie hakuna haraka. Kinaweza kusubiri."

Mkalimani alifungua mdomo, akayatoa maneno yale kama yalivyo, salama salimini: "Hakuna haraka. Kinaweza kusubiri." Hapo ndipo alipotakiwa kufunga mdomo. Badala yake akasikia sauti yake ikiendelea, kwa lugha ileile ya jirani, tulivu, kama vile ndiyo kwanza waziri anamaliza sentensi:

"Ila mmoja wao, mpishi, ana pumu na dawa yake imekwisha. Mkiweza kumwangalia huyo, tutashukuru sana."

Balozi hakumtazama waziri. Alimtazama yeye.

"Mtashukuru sana," alirudia taratibu. Akatoa kijitabu mfukoni, akaandika.

"Anasemaje?" waziri akauliza.

"Anasema amekuelewa, mheshimiwa."

Adhuhuri ile mkalimani alimpigia mama yake kutoka chooni. "Nimemsemea, mama." Mama akalia kwa furaha, naye akalia naye, kisha akanawa uso na kurudi kazini.

Baada ya chakula balozi aliomba nafasi ya kuongea. Ujumbe wake, alisema, umefahamu kwamba suala la wafanyakazi lina uzito mkubwa kwa ndugu zao, kuliko ilivyoonekana awali. Kwa hiyo wanapendekeza kipengele cha sita kitangulie. Wako tayari kuwaachia watu saba mara tu mitambo yote itakapoondolewa bondeni na kibali kufutwa.

Mkalimani aliyatafsiri maneno hayo. Waziri aligeuka, akawatazama watu wake mmoja mmoja. "Nani kawaambia sisi tuna presha na hilo?" Mishipa ya shingo ikamtoka. Akakivuta kipaza sauti.

"Serikali yangu haitauza bonde kwa ajili ya mafundi sita na mpishi. Wakae nao."

Ukumbi ukamngoja mkalimani. Masikio yote yakawa kwake. Angeweza kulegeza? Angeweza kusema "serikali yangu inasikitika"? Mwenzake wa upande wa pili, kijana mwenye miwani aliyeajiriwa kumsikiliza asikosee, alikuwa amekaza kalamu. Mkalimani akavuta pumzi.

"Serikali yangu haitauza bonde kwa ajili ya mafundi sita na mpishi," alisema. "Wakae nao."

Mkurugenzi alimkuta kwenye ngazi za nyuma, jua likianza kulegea, karibu na makreti ya soda.

"Ulimwambia nini yule mzee?"

Alimwambia. Neno kwa neno, maana hiyo ndiyo kazi yake. Mkurugenzi alikaa kwenye ngazi na suti yake nzuri, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Kesho asubuhi walikuwa wavushwe. Kimyakimya, bila gazeti wala kamera. Nilipatana na mtu wao mmoja. Kwao watu wale walikuwa mzigo tu, wanakula, wanaugua. Ndiyo maana tulisema hakuna haraka. Sasa umewaonyesha kuwa wameshika kitu."

"Ungeniambia!"

"Ningekwambia nini? Wewe ni dada yake. Ungelala na siri hiyo na mama yako chumba cha pili?"

Mkalimani alijua asingeweza.

"Pengine wangetugeuka," mkurugenzi akaongeza, kwa upole sasa. "Wale watu wana sababu zao kumi, na wamewahi kunigeuka. Pengine si wewe. Waziri hajui ulilolisema, na kwangu hatalipata. Lakini kesho utaumwa kichwa. Umenielewa?"

Kesho yake aliumwa kichwa. Kijana mwenye miwani alitafsiri pande zote mbili, na Ijumaa tamko la pamoja likasomwa kwenye televisheni: pande zote zimekubaliana kuendelea kulitafakari suala la wafanyakazi kwa moyo wa ujirani mwema. Wakubwa wakapeana mikono.

"Wanacheka," mama alisema, kidole karibu na kioo. "Umeona? Basi anakuja lini?"

Ilichukua miezi kumi na mmoja, na si mazungumzo yaliyoimaliza. Kampuni ya jirani nayo ilichimba, ikakuta maji ya chumvi. Wataalamu wakaandika ripoti kwamba mafuta ya bondeni ni haba na yako mbali mno chini. Kampuni zote mbili zikafunga virago ndani ya mwezi mmoja, na hakuna serikali iliyolitaja bonde tena. Asubuhi moja watu saba wakafunguliwa geti la mpakani wakaambiwa waende. Waliomba lifti ya lori la saruji.

Kijiko alirudi kifua kikimwimba. Kupanda ngazi tatu ilikuwa safari. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilimbana pumzi, hivyo jikoni hakuingia tena. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akiwaelekeza wengine kiasi cha chumvi.

Jumapili moja dada yake alikuwa akikatakata nyanya, naye akisimulia mambo ya kule, bila uchungu, kama mtu anayesimulia mkasa wa jirani.

"Kuna wiki moja tulikaribia kabisa, dada. Jumatano, nakumbuka. Asubuhi wakatuambia fungasheni, kesho mnakwenda kwenu. Nikagawa sabuni yangu yote, nikagawa na blanketi. Mchana ikaja amri nyingine. Wakatuhamisha gereza la mbali, lile la machimbo ya mawe. Vumbi lake, acha tu."

Kisu kilisimama. Kwa miezi kumi na mmoja mkalimani alikuwa ameishi kwa lile "pengine" la mkurugenzi, analichomoa kila asubuhi na kulirudisha kila jioni.

"Jumatano ipi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wiki ile ya mazungumzo, si ulikuwepo?"

Mama akaingia na ndoo, akaitua. "Alikuwepo! Tena mshukuru dada yako. Wote walinyamaza, yeye peke yake ndiye aliyekusemea kwa wakubwa. Alinipigia simu siku ileile."

"Kweli, dada?" Kijiko alimtazama kwa macho yaleyale ya utotoni. "Hukuniambia. Ahsante sana."

Mkalimani alitafuta neno. Alilitafuta katika lugha zote mbili. Mama alikuwa akitabasamu, mdogo wake akingoja, na kifua chake kilisikika chumba kizima.

"Haya," alisema hatimaye. "Nyanya zinatosha hizi, au niongeze?"

"Ongeza mbili," Kijiko akasema.