Sehemu Isiyowaka

"Usitikise kichwa, mama," sauti ilimwambia masikioni. "Hata kidogo."

Alikuwa amelala chali ndani ya bomba jeupe, uso umebanwa na kizimba cha plastiki, na unyayo wa kulia ukimwasha. Walikuwa wamemvua hereni, vibanio vya nywele, hata sidiria kwa sababu ya vikulabu vyake vya chuma. Mashine iligonga kama fundi anayepigilia mabati juu ya paji la uso wake. Kwenye kioo kidogo mbele ya macho yalitokea maneno:

*Treni imekatika breki. Mbele yake wapo watu watano. Ukivuta mkono wa reli, itageukia njia nyingine na kumwua mtu mmoja. Utauvuta?*

Kitufe cha kulia kilikuwa ndiyo, cha kushoto hapana. Alibonyeza cha kulia kabla hajamaliza kusoma.

Ikaja mashua inayozama. Ukaja mgodi ulioporomoka. Likaja daraja, na mtu mnene anayeweza kusukumwa. Alibonyeza, akabonyeza. Vidole vilitaka kufanya kazi, na hii ndiyo ilikuwa kazi pekee viliyopewa kwa wiki tatu.

Swali la kumi na tisa lilisema: *Wagonjwa wawili wanahitaji dawa ileile, na dawa inatosha mmoja. Mmoja ni mzee, mwingine kijana. Utampa kijana?*

Alisubiri. Swali halikuwa na midomo. Halikuwa na kucha za kutazama rangi, wala miguu ya kushika kujua ubaridi umefika wapi.

"Daktari," akasema, "huyu kijana midomo yake ina rangi gani?"

"Mama, usiongee. Unatikisa taya."

"Basi kifua chake kinaingia ndani akivuta pumzi?"

"Mama, tafadhali. Bonyeza tu."

Akabonyeza. Hakujua alibonyeza kipi.

*

Wodi Sita walimwita Mama Zamu. Alikuwa muuguzi msaidizi, mwaka wa kumi na moja sasa, na jina hilo alipewa na wagonjwa kwa sababu yeye ndiye aliyesukuma mtungi wa oksijeni kutoka kitanda hadi kitanda. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na mtungi mmoja, mwezi ukiwa mwema miwili. Dakika kumi huyu, dakika kumi yule. Aliyekuwa akisubiri alifungiwa kipande cha bendeji kwenye chuma cha kitanda, ili mtu wa zamu inayofuata asimruke. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Matroni ndiye aliyemfundisha siku yake ya pili kazini: tazama midomo, tazama kucha, shika miguu, kisha amua na usigeuke nyuma. "Ukigeuka utapoteza wawili, binti yangu."

Jumamosi ile, saa nane mchana, mtungi ulikuwa kwa mwalimu mstaafu wa kitanda cha nne. Kwenye kitanda cha kumi na moja alikuwepo msichana wa kazi za ndani, wa miaka kumi na saba, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa kama ya mtu aliyekula zambarau. Mama Zamu alimtoa mwalimu mrija puani, akamfungia bendeji, akasukuma mtungi. Msichana alipona. Mwalimu alifariki dakika ya saba.

Barua ya kumsimamisha kazi haikutaja mtungi mmoja. Ilisema alimnyang'anya mgonjwa oksijeni ilhali wodi ilikuwa na mitungi kumi na miwili.

Kumpima kwa mashine ya kupiga picha za ubongo lilikuwa wazo la mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Mashine ilikuwa mpya, ya msaada wa wahisani, kwenye jengo ambalo taa zake hazikuzimika hata siku moja, na ndani yake daktari kijana alikuwa akichunguza namna ubongo unavyopima jema na baya. "Maneno kila mtu anayo," mwenyekiti alisema. "Ubongo haudanganyi. Ukionekana sawa unarudi kazini. La sivyo, faili linakwenda polisi." Alimpa karatasi ya kukubali kwa hiari yake mwenyewe. Akaisaini kwa hiari hiyo.

*

"Nimefeli?" aliuliza akijifunga vibanio. Kidole kimoja kiliendelea kubonyeza hewa.

"Hapa hakuna kufeli, mama." Daktari wa mashine alikuwa na sauti laini na kalamu tatu mfukoni. Aligeuza kompyuta. "Huu ni wastani wa watu wa kawaida. Wakisoma habari ya kumwumiza mtu ili kuokoa wengine, unaona hapa katikati? Pote panawaka."

Ilikuwa picha ya kijivu yenye madoa ya rangi ya chungwa.

"Na huu ni wako."

Wa kwake ulikuwa wa kijivu tu.

Alisogea karibu, kama alivyozoea kusogelea midomo ya watu. "Umeme ulikatika?"

Daktari alicheka, kisha akaacha. "Hapana. Mashine ilikuwa sawa."

"Hao watu wa kawaida ni akina nani?"

"Wanafunzi wa chuo. Thelathini."

"Wameshawahi kuchagua nani avute hewa?"

Daktari alichukua kalamu moja, akairudisha, akachukua nyingine. "Ubongo ukifanya jambo kila siku huacha kushtuka, mama. Si kwamba huumii. Pengine uliumia sana mwanzoni, hadi ukajifunza kutopoteza muda hapo."

"Basi andika hivyo."

"Nitaandika."

"Andika juu kabisa."

"Ripoti ina mpangilio wake," alisema kwa unyonge. "Matokeo kwanza. Maelezo baadaye."

*

Kamati ilikaa Alhamisi kwenye chumba chenye mazulia. Mwenyekiti alikuwa katikati, matroni kuliani kwake, daktari wa mashine mwishoni kwenye kiti kisicho na mikono. Binti wa mwalimu, mwenye kitambaa cheusi begani, alikaa peke yake ukutani. Mama Zamu aliambiwa akae. Akakaa, akasimama, akaambiwa tena.

"Una mchango gani kabla hatujaendelea?" mwenyekiti aliuliza.

"Mtungi ulikuwa mmoja, mheshimiwa."

"Kitabu cha stoo kinasema kumi na miwili."

"Stoo ipo hapo nyuma ya jengo hili. Twendeni tukahesabu."

"Kamati haifanyi matembezi, bibi."

Mjumbe mmoja alicheka. Mwenyekiti alimgeukia matroni. "Wodi Sita kuna utaratibu wa kuzungusha oksijeni kwa zamu?"

Matroni alikuwa akitazama kucha zake mwenyewe. Alibakiza miezi minne kustaafu. "Sijawahi kuuona umeandikwa, mwenyekiti."

"Matroni," Mama Zamu alisema. "Mama yangu."

"Haujaandikwa popote," matroni alirudia, na sauti yake ilikuwa karibu haisikiki.

Ndipo binti wa mwalimu alipoinua mkono kama mtoto darasani. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Baba alisema nini alipotolewa mrija?"

Mama Zamu alimtazama usoni.

"Alinishika mkono. Akasema, 'Bado kidogo.'"

"Na wewe?"

"Nikamwambia, 'Dakika kumi tu, mwalimu.'"

"Ulirudi?"

"Nilirudi dakika ya nane."

"Ulilia?"

Alitafuta jibu lenye huruma. Angeweza kulipata, wengi hupata. "Hapana, mwanangu. Kitanda cha pili kilikuwa kinasubiri."

Binti alijifunika uso. Mwenyekiti aliacha kilio kikae kidogo, kama mtu anayeacha wino ukauke, kisha akafungua ripoti. "Nasoma: 'Mshiriki hakuonyesha mwitikio wa kihisia unaotarajiwa mbele ya madhara kwa binadamu mwingine.'" Akaifunga.

"Mwenyekiti," daktari wa mashine alisema, "sentensi inayofuata ndiyo yenye—"

"Tutaifikia."

"Inabadilisha maana yote. Hao niliomlinganisha nao hawajawahi hata—"

"Daktari. Kibali chako cha kutumia jengo kinaisha lini vile?"

Daktari alirudisha kalamu mfukoni. "Mwezi ujao."

"Tutakifikia na hicho."

Sentensi inayofuata haikufikiwa. Saa tano na robo Mama Zamu alikuwa nje na barua mkononi. Faili lingekwenda polisi Jumatatu. Katika mstari wa sababu palikuwa na maneno matatu: *upungufu wa utu*.

*

Alitembea hadi nyumbani, upesi, kama anayesukuma kitu chenye magurudumu. Alifungua mlango wa chumba, akaketi kitandani, akainuka. Akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Akatoka hadi kizingitini.

Alijaribu. Aliuita mkono wa mwalimu, uzito wake, chaki iliyokuwa kama imebaki kwenye mikunjo ya vidole tangu enzi za ualimu wake. Bado kidogo. Akaweka kiganja kifuani akasikiliza. Moyo ulipiga vilevile. Akawaita wengine, wa mwaka jana, wa mwaka wa nyuma yake, kitanda kwa kitanda, na kila mmoja alikuja na rangi ya midomo yake na idadi ya dakika zake. Hakuna kilichowaka. Au ndivyo kulivyo kuwaka? Nani angemwambia? Kijana wa mashine alikuwa na wanafunzi thelathini, yeye hakuwa na wa kujilinganisha naye.

Watoto wa shule walikuwa wanarudi. Binti yake wa darasa la pili alimwona kutoka kona, akaanza kukimbia, mkoba ukirukaruka mgongoni. Mbele ya mlango wa fundi cherehani alikanyaga kokoto, akaanguka kifudifudi. Kukawa na ule ukimya mfupi ambamo mtoto huvuta pumzi. Kisha akalia.

Damu ilitoka gotini. Mama Zamu aliiona vizuri, nyekundu, safi, ya kawaida. Alikuwa hatua sita tu.

Hakwenda. Kiganja kilikuwa bado kifuani, na alikuwa anasubiri kitu kiwake.

"Mama!" mtoto alilia. "Mamaaa!"

Fundi cherehani aliacha kitambaa chini ya sindano, akatoka mbio, akamwinua mtoto, akamkung'uta vumbi. Kisha akageuka.

"We mama wa namna gani wewe? Mwanao analia unamtazama tu?"

"Ngoja," Mama Zamu alisema, macho ameyafumba, vidole akivikandamiza chini ya titi la kushoto. "Ngoja kidogo. Nasikiliza."