Sauti ya Orrin Ndani ya Mashine

Marlys alikuwa ameketi mbele ya mashine ile ya kamari tangu asubuhi. Picha tatu za mitumbwi zikijipanga kwenye kioo, bonasi hufunguka, na kasino hii ya Waojibwe, wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, ndiyo pekee ambayo bonasi yake huja na ngoma iliyorekodiwa ya kikundi cha hapahapa. Anayeongoza wimbo ni Orrin, mumewe, waliyemzika majira ya baridi yaliyopita. Simu iliyokuwa na sauti yake ilizama ziwani. Marlys hakutaka pesa. Alitaka kumsikia tu.

Mitumbwi miwili ilikuja. Wa tatu ukachungulia, ukapita. Tena na tena. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kucheza mashine hii.

"Hata alipokuwa hai hakuitika kwa kuitwa mara moja," wifi yake Lorna alimwambia, akimsogezea supu. "Kula, wifi."

"Nitakula akishaimba."

Mara wapiga ngoma wakaanza kupiga mlangoni: wimbo wa kuwaheshimu wapiganaji wa vita. Ukipigwa huo, mtu hakai wala hanong'oni, hata paa likiungua. Wenyeji wote wakasimama, kofia mikononi. Marlys alikiinamisha kiti chake kikaegemea mashine, ishara ambayo kila mtu wa hapa anajua maana yake ni kwamba mwenyewe yupo, kisha akaigeukia ngoma.

Mgeni mmoja wa kaptula hakuijua ishara hiyo. Alikiinua kiti, akaketi, akabonyeza mara moja. Mitumbwi mitatu.

Sauti ya Orrin ikatoka, nyembamba, ya juu, ikishindana na ngoma ya mlangoni. Marlys alisimama palepale, mdomo kaufumba, machozi ya hasira yakimtiririka. Alitega sikio akaambulia nusu ya ubeti. Mgeni naye alikuwa na haraka ya kujua amepata nini, akabonyeza kitufe cha kuruka wimbo. Orrin akanyamaza na tarakimu zikaanza kupanda.

Ngoma ilipokoma, mgeni aliona anavyotazamwa. Akaomba radhi, akauliza kama kiti kilikuwa na mtu, na kama ni hivyo, basi wagawane alichopata.

"Chukua zote, baba," Marlys alisema. "Lakini uliyemkatiza ni mume wangu, na nilikuwa sijamaliza kumsikia."