Kituo cha Waliotutangulia

Osewe alikuwa akichekecha mchanga kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alitoa kokoto na visoda, mara ya pili misumari miwili na kipande cha kitana, na sasa zilibaki zile chembe laini tu zilizopita kwenye wavu wa dirisha alioupigilia kwenye fremu ya mbao. Mchungaji Eddah alitaka mchanga ambao mtu akiandika juu yake kwa kidole hautamkwaruza. Mchanga wa ujenzi wa Kawangware haujui mambo kama hayo, lakini Osewe alikuwa fundi wa mbao, na akiambiwa laini anafanya laini.

Ndugu yake mdogo, Oloo, alikaa kwenye benchi nje ya kanisa, mfuko wake wa safari katikati ya miguu. Alikuwa amefika juzi kutoka nyumbani, kule ziwani, na basi lake la kurudi lilikuwa la saa kumi na mbili jioni.

"Wazee wamenituma neno moja tu," alisema kwa Kijaluo. "Ndiyo ama hapana. Yago limeshakatwa."

"Nani aliwaambia wakate?"

"Ni miaka miwili na miezi minne, ndugu yangu."

Yago ni tunda refu, zito, la mti wa kwao. Mtu akipotea na mwili wake usionekane, tunda hilo hulazwa kaburini badala yake, watu wakalia, matanga yakakaliwa, na nyumba ikajua imefiwa. Marvin alikuwa mtoto wa kwanza wa Osewe. Jumatatu moja aliondoka chumbani mwao, mtaa wa Lindi, na ndoo yake ya vifaa, akienda kuweka vigae katika nyumba moja ya Riruta Satellite. Mwenye nyumba alisema hakufika. Simu ilizimika saa tatu asubuhi hiyo na haikuwaka tena. Osewe alizunguka vituo vya polisi, akazunguka hospitali, akazunguka mochari mpaka wafanyakazi wa mochari moja wakawa wanamwita kwa jina. Hakumwona. Na kwa kuwa hakumwona, alikataa katakata kuzika tunda.

"Tukimzika halafu arudi?" aliuliza, wavu ukiwa umetulia mikononi. "Akute kaburi lina jina lake?"

"Akirudi kuna njia ya kulitengua. Wazee wanaijua. Lakini kama amelala mahali na hakuna aliyemlilia, hilo nalo litatenguliwa na nani?"

"Mama yake hajakubali. Sisi wawili tunamngoja."

Alilisema hilo bila kusita, maana ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika nacho. Kweli mkewe, Aluoch, hakuwahi kutamka lolote, lakini kila Jumamosi alianika koti la Marvin juani, akalikung'uta vumbi, akalirudisha kwenye msumari wake. Kwa Osewe hilo lilikuwa jibu tosha.

"Umemuuliza?" Oloo alisema.

Osewe aliinua karai lake la mchanga akaingia ndani.

Kanisa hilo la mabati lilizoea kuomba kwa spika mbili, na Mungu akikawia, sauti inaongezwa. Ndiyo maana Mchungaji Eddah aliporudi kutoka semina na habari za vituo vya maombi ya kimya, watu walimtazama tu. Hakuna maiki, hakuna kinanda. Mtu anatembea kutoka kituo hadi kituo, anashika kitu, ananyamaza mbele za Mungu wake. Mama Shivachi, ambaye hawezi kuacha neno lipite bure, aliuliza kama waje na vitambulisho vya kupigia kura.

Vituo vilikuwa vitatu. Cha kwanza, mlangoni, kilikuwa beseni la maji na rundo la mawe: unashika jiwe, unataja moyoni linalokulemea, unaliacha majini. Ukiendelea mbele unakuta viwili, kimoja kila upande. Kushoto, sanduku la mchanga la waliotutangulia, ambamo unaandika jina la marehemu wako kwa kidole na kuwasha mshumaa. Kulia, kiti kitupu. Hicho kilikuwa cha mtu aliye mbali. Unapiga magoti kando yake unamwombea arudi.

Mchungaji aliomba kiti chochote, hata cha plastiki. Osewe alikichonga. Siku tatu baada ya kazi alikaa nacho, akakipiga randa, akakipiga msasa, akalainisha mpaka chini ya miguu ambako hakuna mtu angetazama. Hakumwambia mtu kwamba yeye mwenyewe hajaomba tangu mwaka jana. Wengine wakifumba macho, naye alifumba, akahesabu mabati ya paa kwa kumbukumbu. Alichoka kumtajia Mungu jina ambalo Mungu analijua tangu zamani. Lakini Aluoch bado aliomba, na kiti alikitengeneza kwa ajili yake. Alikigeuza kidogo kielekee mlangoni ili akiingia tu akione.

"Baba Marvin, wewe ndio utasimamia," Eddah alimwambia. "Hakuna kuongea, hakuna kumwelekeza mtu, hata kama amekosea. Kikundi kikitoka unabadilisha maji, unalainisha mchanga, halafu naleta wengine. Tuko sawa?"

"Sawa, pasta."

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha akina mama wa Lindi. Walivua viatu mlangoni, wakaingia wakiwa wameshikana shikana kama watu wanaoingia kumwona mgonjwa. Mama Shivachi alifika kwenye beseni, akatazama yale maji safi, akanawa uso, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akayapanga mawe vizuri pembeni na kuendelea. Siku nyingine Osewe angecheka. Alikuwa amesimama kwenye kona yake akimtazama mkewe.

Aluoch alichagua jiwe dogo. Alilishika kwa muda mrefu, akaliacha majini bila kulirusha. Kisha akasimama katikati, kiti upande huu na mchanga upande ule. Alikitazama kiti. Osewe aliona wazi kwamba amekitazama. Halafu akageuka kushoto.

Ni sawa, Osewe alijiambia. Ana wafu wake kama mtu yeyote. Mama yake alikufa Desemba, na mama yake aliitwa Ana, herufi tatu tu. Kidole cha Aluoch kilitembea polepole kwenye mchanga. Kilimaliza herufi ya tatu, kikaendelea. Basi ni dada yake, Osewe alijiambia tena. Ni Seline, aliyekufa akijifungua. Hata Seline anastahili mshumaa. Alitaka kumwita, kumuuliza tu, lakini yeye ndiye aliyewekwa kulinda ukimya. Aluoch aliwasha mshumaa wake, akauchomeka, akainama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa sanduku. Mabega yakaanza kumtikisika. Katika miaka miwili na miezi minne Osewe hakuwahi kumwona akilia, na sasa alilia bila sauti hata kidogo. Alipomaliza alijifuta kwa leso, akatoka. Kitini hakwenda.

Wanawake walipokwisha kutoka, Osewe alivuka chumba. Majina yalikuwa kumi na moja. Kwenye kona ya sanduku, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, lilikuwepo la mwanawe.

Alimkuta Aluoch nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Umemwandika kule," alisema.

Aluoch hakujifanya haelewi. "Nimemwandika."

"Kiti nilikitengeneza nikikufikiria wewe."

"Nilikiona. Ni kizuri." Alikunja leso yake mara mbili, akaikunjua. "Baba Marvin, mlango ukibishwa, mimi nakufa. Namba ngeni ikipiga, nakufa. Nimekufa mara ngapi tangu siku ile? Nataka nife mara moja. Nilie, watu wanishike, iishe."

"Na lile koti?"

"Naanika lisiliwe na wadudu. Nilitaka azikwe nalo."

Osewe alishika ukingo wa tangi. "Tangu lini?"

"Tangu Krismasi ya kwanza."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia aje? Ulikuwa unangoja na nguvu zako zote. Niliogopa nikitoka utabaki hapo peke yako."

Lakini peke yake ndiko alikokuwa. Tangu Krismasi ya kwanza, asubuhi zote hizo alizoamka akasikia pumzi ya mkewe kando na kupata moyo kwamba wako wawili, alikuwa mmoja. Hakumkasirikia. Angependa kumkasirikia, ingekuwa nafuu, lakini alipotafuta hasira alikuta uchovu tu, ule ule alioukuta kwenye uso wa mkewe.

Mchungaji Eddah alichungulia kwenye kona ya jengo. "Baba Marvin, wale wa Satellite wamefika. Kuko tayari huko ndani?"

"Dakika tano, pasta."

Alibadilisha maji ya beseni, akarudisha mawe pembeni. Kisha akachukua ubao wake mwembamba akaanza kulainisha mchanga kutoka upande wa mbali, akipita kando ya mishumaa bila kuizima. Mama wa fulani akaenda, mume wa fulani akaenda, mtoto aliyeandikwa kwa jina la nyumbani tu naye akaenda. Alipofika kwenye kona alisimama. Angeweza kuliacha. Watu wa Satellite wangedhani ni mfano wa namna ya kuandika. Aliweka ubao chini, akatandaza kiganja chake juu ya jina, akakivuta upande mmoja, taratibu, na mchanga haukupinga. Ulikuwa umechekechwa vizuri mno kupinga chochote.

Alingoja. Hakujua anangoja nini. Pengine kifua kipasuke, pengine sauti. Hakukuja kitu. Mungu naye alikuwa anafuata maagizo ya Mchungaji Eddah.

Nje, Oloo aliinuka alipomwona. Alikuwa amejiandaa na maneno mengi, yalionekana usoni.

"Waambie ndiyo," Osewe alisema.

Oloo alivua kofia. Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akichomelea geti, cheche zikiruka.

"Mama yake atakupa koti. Pitia Lindi kabla ya basi."

"Nitapitia."

"Na wasichimbe kashimo kwa sababu ni tunda. Nisikie, Oloo. Wachimbe kaburi la mtu mzima. Marvin alikuwa mrefu."

"Mrefu aje?" Oloo aliuliza kwa upole. "Mimi nilimwona mwisho akiwa shule."

Osewe alikuwa na futi ya chuma mfukoni, kama kila siku. Hakuitoa. Aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa chake, vidole vikielekea juu na kiganja kikiwa wazi, kama anavyopimwa mtu, kwa maana kiganja kikitazama chini hicho ni kipimo cha ng'ombe. Mkono ukapanda kidogo. Ukashuka. Akakunja uso, akaupandisha tena, akitafuta pale mwanawe alipokuwa akiishia aliposimama mlangoni, na hakupapata. Akafumba macho ili atafute vizuri.

Akina mama wa Satellite walikuwa wakiingia mmoja mmoja. Wa mwisho wao alimwona amesimama juani, macho amefumba, mkono juu, akadhani maombi yameanzia hapo nje. Akavua viatu akiwa bado mbali, akavishika mkononi, akampita kwa ncha za vidole.