Kopo Lililolala Kichwa Chini

Mama mkwe wangu alikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko watoto wake wote wanne: miaka tisa anaendesha gari, na hajawahi kulikwaruza. Mimi, niliyeachiwa ufunguo kwa siku mbili alipokwenda kumwona dada yake, nilimaliza sifa hiyo kufumba na kufumbua. Nililisogeza ili nifagie uwanja, nguzo ya geti ikalikwangua ubavu wa kulia.

Mimi ni fundi rangi, lakini rangi ile haiuzwi popote. Baba mkwe, marehemu sasa, ndiye aliyenifundisha kazi. Aliichanganya mwenyewe kutoka kwenye masalio ya rangi za magari matatu, mpaka akapata kijani alichokitaka mkewe. Iliyosalia ilikuwa kwenye kopo moja. Kama rangi hiyo ya zamani isingefufuka kabla ya jioni, mama angerudi akute nimemharibia kitu alichoachiwa na mumewe.

Mzee alikuwa na masharti. Rangi iliyokwisha kutiwa dawa ya kugandisha hairudi koponi, hata tone. Kifuniko kinagongwa kikaze, kisha kopo linalazwa kichwa chini ili hewa isipate pa kupenya. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, husema makopo yetu yako adhabuni.

Nilifungua roho mkononi. Tope zito lilikuwa limeng'ang'ania kifuniko. Nikalikwangua lote nikalirudisha ndani, nikatia tina ya kuyeyushia rangi kidogo kidogo, nikakoroga kwa kijiti mpaka mkono ukafa ganzi. Tope likalegea. Nikachuja kwa soksi ndefu ya mama iliyokuwa kwenye kamba, Mungu anisamehe, nikajaribu kwenye kipande cha bati. Kijani kilekile. Nilicheza peke yangu katikati ya karakana, na sioni aibu kusema.

Nilipomaliza kupuliza rangi, nikachukua kopo nilirudishe mahali pake. Ubavuni palikuwa na karatasi. Mzee aliandika kila mara alipolifungua kopo, na nilikuwa na haraka mno hata sikuisoma mapema.

"Nguzo. Anasema ni baiskeli."

"Nguzo. Anasema ni mbuzi."

"Nguzo. Sikuuliza."

Nilikuwa bado nacheka mama alipoingia. Alilizunguka gari lake, hakuona kitu, akanishukuru kwa kulitunza. Ningeweza kunyamaza. Shukrani ile ndiyo iliyonichoma.

"Mama, niligonga nguzo," nilimwambia, nikampa kopo na ufunguo kabla hajajibu.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akarudia tena kutoka juu. Nilidhani sasa atanifukuza.

"Kumbe alijua," alisema. "Na mimi nilikwenda kugombana na mwenye mbuzi."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Alilikumbatia kopo la rangi kifuani, bila kuihurumia blauzi yake ya safari. Nilimpenda sana dakika ile.

Kisha akachomoa penseli sikioni kwangu, akaandika chini ya mwandiko wa mumewe: "Nguzo. Anasema ni nguzo." Akagonga kifuniko vizuri, akalilaza kopo kichwa chini kama mtu aliyeoneshwa mara nyingi, na kunirudishia ufunguo.

Alipofika mlangoni akageuka kuuliza soksi yake nyingine iko wapi.

Nikamwambia ni mbuzi.