Mtamba wa Kupimia Rangi

Kizuri chajitembeza, kibaya chajiuza. Mwaka 1996 kipimo kizuri cha rangi kilikuja Mpanda kwa miguu yake minne. Kibaya kilishuka kwenye treni ya Tabora ndani ya sanduku la bluu, kikakubaliwa kabla hakijafunguliwa.

Sanduku lilipofika kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Majengo, Rozalia alikuwa akifuta wino wa manjano kwenye roli za mashine. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa kadi ya madaraja ya tumbaku, yenye miraba mitano ya rangi. Ghalani mpimaji huliweka jani kando ya kadi hiyo, na linalofanana na mraba wa kwanza ndilo daraja la kwanza. Mraba ukikosewa, jasho la mkulima la mwaka mzima limekosewa. Ndiyo maana karatasi ya majaribio ilipaswa kupimwa rangi kwanza, kisha isainiwe na Rozalia, mwenye stashahada ya uchapaji.

Gelasius, wakala wa kampuni iliyonunua tumbaku, alifungua sanduku mbele ya kikao cha kupitisha kipimo. Kipimo kilikuwa na taa ndogo, tarakimu nyekundu na hati yenye mihuri mitatu. Alikirekebisha kwa kadi ya mfano aliyokuja nayo mfukoni, akakiweka juu ya karatasi ya majaribio. Zikatoka tarakimu zile zile.

"Mnaona? Sawa kabisa."

"Kimesema karatasi inafanana na kadi yako," alisema Rozalia. "Kiulize kama kadi yako inafanana na tumbaku."

"Dada, hiki hakisomi majani. Kinasoma wino."

"Basi mmeleta kiziwi aamue mashindano ya ngoma."

Kipimo alichokuwa ameomba Rozalia, kinachosoma jani na wino pia, kilikataliwa tangu Machi kwa sababu fomu ilijazwa kwa kalamu ya bluu badala ya nyeusi.

Saa nne aliingia Mzee Luhende, Msukuma aliyehamia Magamba na mifugo yake na sasa akilima tumbaku pia. Rozalia ndiye aliyemwita. Alikuwa akimvuta mtamba mwenye kengele shingoni. Mtamba huyo aligeuka rangi ya chochote alichokilamba, na kengele ilikuwa ya lazima, kwani akishalamba majani mabichi haonekani tena machungani.

Bwana Silvester, mkuu wa kiwanda, alimtazama. "Ngosha, kinyesi atazoa nani?"

"Nitazoa mwenyewe, mkubwa."

Kikao kikaendelea. Luhende alifungua kitambaa, akatoa jani bora kabisa kutoka kwenye bani lake la kukaushia. Mtamba akalamba. Rangi ilianzia puani, ikapanda shingoni, ikaishia mkiani: chungwa lenye wekundu kidogo, kama asali ya Mwese ikiinuliwa juani. Kisha Rozalia akamlambisha mraba wa kwanza wa karatasi ya majaribio. Mtamba akawa manjano ya limau, makali, hata nzi wakamhama.

Kila aliyekuwemo aliiona tofauti. Hakuna aliyeikana.

"Ng'ombe yuko sahihi," alisema Silvester huku akiandika. "Lakini hana hati."

"Wala pa kuweka betri," alisema Gelasius, wakacheka.

"Nyie chekeni," alisema Luhende. "Mimi nina watoto saba na bani moja. Hiyo limau yenu haijawahi kuota Magamba. Mnanipima kwa tumbaku ya wapi?"

Kipimo cha sanduku kikapitishwa. Kwenye daftari la vifaa Silvester aliandika kwa mwandiko mzuri: *Kifaa namba 14. Kipimo cha rangi, hai. Ni sahihi. Kisitumike.* Rozalia aligoma kusaini karatasi ya majaribio. Silvester akasaini badala yake, na kadi elfu mbili zikachapwa kwa siku tatu.

Soko la tumbaku lilipofunguliwa, Rozalia alimpeleka ghalani Magamba mtamba aliyekuwa ameachiwa na Luhende. Mbele ya wakulima alimlambisha kadi: limau. Akamlambisha jani la Luhende: chungwa. Wakulima walitikisa vichwa kama watu wanaosikia kwamba mvua itachelewa. Gelasius alisubiri mtamba apite, asije akamchafulia viatu, kisha akarudi kwenye robota za tumbaku, kadi mkononi.

"Daraja la tano. La tano. La nne. La tano."

Luhende hakupata jani hata moja lililovuka la nne, wala jirani yake, wala jirani wa jirani yake. Akafunga kitambaa chake, akaenda kumnywesha mtamba maji.

Jumatatu Silvester alimwekea Rozalia karatasi tupu na kalamu, nyeusi safari hii. Nje ya dirisha, mtamba aliyerudi na Rozalia alikuwa ameulamba ukuta, na sasa alikuwa mweupe wa chokaa.

"Mistari miwili tu, mwanangu. Kampuni imeaibika mbele za watu."

"Walioaibika ni waongo. Mimi aibu hiyo inanihusu nini?"

"Usiwe mkaidi. Ng'ombe tumemkubali, tumemwandika hadi namba. Unataka nini tena?"

"Nataka mzibadilishe kadi."

"Kadi hazibadilishwi. Andika, la sivyo kesho usije."

Rozalia aliirudisha karatasi upande wake wa meza, na kalamu juu yake.

"Niliulizwa rangi, nikasema rangi. Siombi radhi."