Nimeitikia Nini

...na nimeitikia kwa kichwa, hilo limekwisha, kichwa kimeinama chenyewe kama kinavyofanya kila mvua inapoanza, yeye anachezesha midomo, mimi naitikia, na kwa kawaida ni jambo dogo, lete maji, kuku wameingia jikoni, watoto wamezuiwa na mvua kanisani, naitikia tu na anaridhika na tunaendelea kukaa, lakini leo Rugaibula hakuuliza jambo dogo, najua kwa sababu nilipoitikia uso wake ulifunguka, mume wangu huyu wa maneno machache, uso ukafunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, akaegemea kiti, akageukia mlango na mvua iliyo nje, na mpaka sasa anaitazama, anatabasamu peke yake, na mimi nimekaa hapa na kisu na ndizi iliyomenywa nusu, sijui nimekubali nini... Ningeweza kumwuliza tu, Baba Mujuni, umesemaje, lakini ningelazimika kupaza sauti kama ninayemwita mtu ng'ambo ya bonde, maana mabati yanalia juu yetu kama lori linalomwaga kokoto bila kwisha, na akisikia kwamba sikusikia atajua kuwa ile ndiyo haikuwa ndiyo, na uso utajifunga, ninavyoujua, utajifunga na hautafunguka tena leo wala kesho, kwa hiyo namenya ndizi, namenya polepole, nafikiri.

Nilisikia nini hasa... nilisikia Jumatatu, hilo nina hakika, na nilisikia lori, na kabla ya hapo alizima redio, aliizima mwenyewe na ilikuwa inatoa habari, Rugaibula anayeibeba ile redio kama mtoto mgonjwa, betri zake akizianika juani ili zipate nguvu kidogo, aliizima na mvua ilikuwa ndiyo imeanza, nikadhani anaizima kwa sababu haisikiki, sasa naona aliizima ili aseme... na mwisho wa maneno yake lilikuwa neno la kwenda, gende, mkia wa neno niliusikia, lakini sisi humu ndani tunasema Kihaya, na kwa Kihaya twende ni tugende, na niende ni ngende, mkia ni ule ule, kinachotofautiana ni mwanzo, na mwanzo ndio mvua iliomeza. Tugende au ngende. Ameniomba twende sote au ameniomba ruhusa aende peke yake.

Kwenda ninakujua ni wapi, sijifanyi mjinga, ni kule rweya, kwenye nyanda za nyasi upande wa Biharamulo, ambako serikali inafungua kijiji kipya cha ujamaa na katibu wa tawi alikuja kutueleza mbele ya ghala la kahawa, akasema huku kwetu Muleba vibanja vimekuwa vidogo, migomba imebanana, ndugu wanagombea mipaka, kule kuna ardhi ya wote na kazi ya wote, anayetaka ajiandikishe, na wanaume wakatazamana na kutafuna kahawa zao, na Rugaibula wangu akainua mkono, tena bila kunitazama. Wakaenda kufyeka, kikundi cha kwanza, nikabaki na watoto, na aliporudi amekonda, viganja vimechubuka, mikono imejaa alama za mbu, nilikuwa tayari kumhurumia, lakini yeye alianza kusema kabla hajakaa, alisimama hapo hapo mlangoni akasema, akanieleza juu ya mtu anaitwa Karugendo aliyelala naye kibanda kimoja cha nyasi, jinsi kibanda kilivyovuja upande wa Karugendo peke yake, akihama, na tundu linamfuata, mpaka wote wakaishia kukaa katikati wamejifunika gunia moja wakicheka hadi kukapambazuka, na Rugaibula alicheka tena mlangoni akieleza, alicheka mpaka akashika kizingiti, na mimi nikasema nini, nikasema, "Na maji?" Akasema, "Yako mbali kidogo." Nikasema, "Na zahanati?" Akasema, "Tutajenga." Nikasema, "Sasa kinachokuchekesha ni nini?" Akanitazama. Akasema, "Hakuna kitu." Akaingia, akawasha redio... na tangu siku hiyo hakulitaja tena jambo la rweya mpaka leo, mpaka mvua hii.

Mpaka mvua hii. Mbona alingoja mvua... asubuhi nzima kulikuwa kimya, tulikuwa na muda, hapana, hatukuwa na muda, yeye alikwenda misa ya kwanza na mimi ya pili, kama kila Jumapili, maana lazima mmoja abaki alinde nyumba, tangu tupige bati hatujapata kukaa benchi moja kanisani, tunapishana njiani, "Ufunguo uko wapi?" "Chini ya chungu." Hiyo ndiyo Jumapili yetu, na katika msonge wa zamani hakukuwa na ufunguo, ungefunga nini, nyasi, tulitoka sote tukamwachia nyumba kuku... lakini nisidanganye, nisifanye kama wale wanaosifia msonge wakiwa wamekaa mjini kwenye sementi, mimi nililala humo, moshi uliharibu macho ya mama mkwe wangu mpaka alikuwa ananitambua kwa miguu inavyokanyaga, na mvua kama hii ilidondoka juu ya Mujuni akiwa mchanga, nikamhamisha huku, ikamfuata huku, nikalia usiku ule, niliapa mwanangu wa pili hatazaliwa chini ya nyasi, na hakuzaliwa chini ya nyasi, basi bati ni kitu chema, anayesema si chema aje alowe.

Ila katika ule msonge mvua iliponyesha ndipo Rugaibula alipokuwa anasema. Nyasi zinanyamazisha mvua, unaisikia kama mtu anapepeta nje, tena unasogea karibu na moto kwa sababu huna pa kwenda, na yeye alisema, alisema juu ya baba yake, juu ya padri aliyemfukuza shule kwa kosa la mwenzake, juu ya jinsi alivyoniona mara ya kwanza mnadani Nshamba nikigombana na muuza chumvi, mambo ya kijinga na mambo ya maana, na mimi nilikuwa namjibu, tulikuwa na kelele sana sisi wawili... Kisha kahawa ikapata bei, mabati yakaja, yakaegemezwa ukutani tukingoja mbao na fundi, tukangoja msimu mzima na zaidi, na jioni tulikuwa tunatoka kuyatazama, yanang'aa, tukijiona humo nyuso zimepinda kama za vikaragosi, yeye anasema hapa nitaweka dirisha, mimi nasema hapa nitaweka kabati, yeye anasema kabati la nini na wewe una sahani mbili, tunacheka. Kama mtu angeniuliza leo lini nilifurahia bati, ningesema wakati lilipokuwa limeegemea ukuta.

Lilipopanda juu, nilifurahi pia, nisikufuru, siku ile nilikwenda barabarani makusudi nigeuke nilione linavyowaka juu ya migomba, na wifi yangu Kemilembe akaja kutoka kwake Nshambya mjini na viatu vyake vya huko, akazunguka nyumba, akapiga ukuta kwa kidole, akasema, "Sasa na ninyi mmekuwa watu," nikaona kauli tamu, nililala nayo. Halafu jirani yetu Ishengoma akapiga bati lake akalipaka rangi nyekundu, na kesho yake asubuhi nilipotoka kufagia macho yangu hayakwenda kwenye bati langu, yalikwenda kwenye lake, na kila asubuhi yanakwenda huko, yakirudi kwangu yanaona kutu kwenye misumari. Kemilembe akaja tena, akasema, "Viti vya kukalia wageni je?" Tukanunua viti vya mito, mito nikaishonea vitambaa, na watoto nikawakataza kuvikalia. Akasema, "Na redio je?" Tukanunua redio, na jioni majirani walijaa kuisikiliza, na walipopata redio zao hawakuja tena, na Rugaibula akabaki nayo, mdomo wake ukahamia ndani yake, ikasema badala yake... na sasa ameizima.

Naona sasa. Alingoja mvua kwa sababu hakutaka nisikie. Mtu anayetaka kusikiwa haanzi kusema mabati yanapoanza kulia, alitaka maneno yamtoke tu, ayajaribu mdomoni, labda anasema kila mvua ikinyesha na mimi kila mara naitikia kwa kichwa kama mbuzi, labda amekwisha kuniambia mambo mengi hapa... na leo baada ya kusema alinitazama, na mimi nikaitikia, naye akaamini. Kama ni tugende, mimi Klaudia nimekubali kwenda kulala chini ya nyasi zilezile nilizoapa, na maji mbali, na mbung'o, na Mujuni ameanza shule. Basi iwe ngende. Mwezi uliopita nisingebabaika, nilimwambia Kemilembe kwa mdomo wangu, "Akitaka aende, mimi bati langu siliachi," na Kemilembe akapiga makofi, akasema, "Hapo umesema." Ngende ndiyo niliyoitaka. Aende, alime ya wote, aje Krismasi, nyumba na viti vyote nibaki navyo.

Kumbe ndiyo maana anatabasamu...? Anatabasamu kwa sababu nimemfungulia. Tazama anavyoitazama mvua, hayuko humu, yuko kule kwenye gunia na Karugendo, na mimi sipo katika tabasamu lile hata kidogo, mimi nimebaki na ufunguo chini ya chungu, Jumapili ya kwanza nalinda nyumba, ya pili nalinda nyumba, viti vya mito vinanitazama, redio inaniambia habari za bandari na za bei ya pamba, mvua ikinyesha hakuna wa kuchezesha midomo mbele yangu hata nisimsikie... Mkono wangu umesimama, kisu kimesimama. Nataka iwe tugende. Mungu wangu, namna gani, nachukia nyasi, namwogopa nyoka, sijui kulima na watu nisiowajua, na nataka alichosema kiwe tugende, nakumbuka midomo yake, nairudisha, sauti ya tu inachongoa midomo mbele, ya ng haichongoi, meno tu na koo, najaribu mwenyewe kimya, tugende, ngende, tugende, nachezesha mdomo wangu kama mtu anayesali, na midomo yake ninayoikumbuka inabadilika ninavyotaka mimi, haina msaada.

Basi nitasema mimi. Nasimama, ndizi naziacha kwenye beseni, nafuta mikono kwenye kitenge, nazunguka meza na viti vya wageni ambavyo mgeni hajavikalia tangu Pasaka, na yeye ananiona nikija na uso wake unaanza kujifunga, taratibu, anafikiri nimekuja kuibatilisha ile ndiyo, nainama mpaka shavu langu linagusa kando ya sikio lake, ana harufu ya sabuni ya misa na moshi wa sigara, muda mrefu sijaisikia harufu hii kwa karibu hivi, nasema, "Tugende." Hasogei. Nasema tena kwa nguvu, "Tugende, Baba Mujuni. Ila maji yakiwa mbali utachota wewe." Anageuka, sasa mdomo wake uko kwenye sikio langu, na nasikia kila neno, hata pumzi iliyo kati ya maneno, anasema, "Mimi nilikuomba niende peke yangu." Ilikuwa ngende. Siondoi kichwa changu, nasema, "Wewe uliomba lako. Mimi nimeitikia langu." Mabati yanapigwa vile vile, mlangoni maji yanashuka kama pazia, watoto bado hawajarudi kutoka kanisani, na yeye anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza tangu mwanzo, anasema jambo, neno la kwanza mvua imelichukua, nami naliulizia, nasema, "Sikusikia. Sema tena."