Wimbo Usio na Ngoma

Nakhumicha na Kigen walipata jina kwa wimbo mmoja, "Tikisa Bega". Nakhumicha ndiye aliyeuimba, Kigen akaupigia gitaa na kuupika kwenye kompyuta yake kuukuu. Kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa, hapakuwa na harusi kati ya Kachibora na Myanga iliyofungwa bila wimbo huo. Bendi yao, Mvua ya Saa Nane, ikawa inaitwa kila mahali.

Lakini mwonja asali haonji mara moja. Kigen, mtoto wa Mlima Elgon, alianza kujifunza litungu, kinanda cha nyuzi cha Wabukusu, na Nakhumicha, Mbukusu mwenyewe, akamtania kwamba ukoo wake mzima ungemtoza faini kwa kugusa kinanda kisicho cha kwao. Yeye mwenyewe alikuwa amegundua jambo lililomtia hofu: akiimba "Tikisa Bega", mdomo ulifanya kazi peke yake huku akili ikiwaza mboga ya jioni. Basi wakajifungia, wakatunga nyimbo mpya. Ule Nakhumicha alioupenda zaidi uliitwa "Kungoja". Haukuwa na ngoma hata moja. Ulikuwa sauti yake na litungu tu, habari za mwanamke aliyepanda mbegu kwenye vumbi, anatazama mawingu yakipita.

Waliutoa hadharani kwa mara ya kwanza Kitale, Jumapili alasiri, kwenye uwanja uliojaa watu. Ubeti wa kwanza watu walinyamaza, wakidhani ni utangulizi. Ubeti wa pili wakaanza kugeukia wauza mahindi choma. Wa tatu haukusikika, maana uwanja mzima ulikuwa unaimba, "Bega! Bega!" Mshereheshaji akapanda jukwaani, akamnong'oneza Nakhumicha kwamba watu hawakuja matangani.

Nakhumicha alimtazama Kigen, Kigen akainua gitaa. Wakapiga "Tikisa Bega" kwa moyo wote, kwa sababu watu wale hawakuwa wamekosea kitu. Walikuja kudai walichokipenda. Ulipokwisha, akawaambia kwa upole kwamba sasa wanarudi kwenye nyimbo mpya, na anayetaka kwenda aende kwa amani. Wengi walikwenda.

Kesho yake simu haikupoa. Aliyeumia kuliko wote alikuwa Fridah, fundi cherehani wa Bumula, aliyeanzisha kundi la mashabiki la WhatsApp na kuwashonea wenzake mashati ya bendi. Aliandika kwamba wameringa, wameanza kuimbia wasomi. Nakhumicha hakubishana naye. Alimwalika Bungoma, kwenye ukumbi mdogo wa kanisa ambako wangeimba Jumamosi mchana.

Fridah alikuja na shati la bendi mwilini, akaketi mbele kabisa, mikono kifuani. Watu walikuwa wachache, viti vingi vitupu. Kigen akagusa nyuzi, Nakhumicha akaimba "Kungoja" kutoka mwanzo hadi mwisho, na safari hii alisikia kila neno likitoka ndani yake. Alipomaliza, watu wakapiga makofi, si ya kelele, lakini hayakuisha upesi. Fridah hakupiga.

Baadaye alimfuata Nakhumicha nyuma ya ukumbi.

"Mimi sijauelewa bado," alisema. "Nisikudanganye."

"Ni sawa, Auntie."

"Lakini ile pahali huyo mama anaongea na mawingu. Hiyo nimesikia. Mwaka jana nilipanda mara mbili, mvua ikakataa. Sikujua mtu anaweza imba hiyo kitu."

Nakhumicha akamshika mkono. Fridah akaongeza kwamba kundi la WhatsApp halifungwi, ila shabiki aliyetoka asifuatwe, na harusini bado anataka "Bega" yake, hilo halina mjadala. Nakhumicha akacheka, akakubali.

Walikwenda wote watatu kula kwenye hoteli ndogo karibu na soko, ugali na kuku wa kienyeji. Fridah na Kigen walianza kubishana kabla chakula hakijafika. Fridah alishikilia kwamba wimbo wa pili wa mchana ule ulikuwa mrefu mno, unachosha mgongo. Kigen akasema urefu ndio wimbo wenyewe. Fridah akamwambia nguo ndefu nayo hukatwa pindo. Kigen akamwuliza kama anajua pindo la huo wimbo liko wapi, na Fridah, bila kusita, akamwimbia pale mezani kipande alichotaka kiondolewe, noti kwa noti.

Nakhumicha alimega ugali, akatulia kuwasikiliza. Hakuwa na haraka ya kuamua nani yuko sawa.